Kuta za Mpala

Juma lililopita mwanafunzi mmoja wa hapa Fizi alituuliza: "Mwalimu, nyumba ya Mpala, kule alikosoma Padre Stefano Kaoze, ilijengwa na nani?" Ulimi ulikuwa tayari kujibu kwamba ilijengwa na mapadre. Tukajizuia, kwa maana jibu hilo si kweli yote. Leo twalijibu kwa kalamu.

Mpala iko ufukoni mwa ziwa letu la Tanganyika, mahali mto Lufuko unapoingia ziwani. Atokaye Baraka kwa chombo huizunguka rasi ya Ubwari, hushika njia ya kusini, hupita Kalemie, ndipo huifikia. Mjenzi wake wa kwanza alikuwa Emile Storms, askari Mbelgiji aliyetumwa na Chama cha Kimataifa cha Afrika, chama cha mfalme Leopold II. Mwezi wa Mei 1883 alivuka ziwa kutoka Karema, akafanya udugu wa damu na mtemi Mpala, akapata kiwanja. Mwaka uo huo Mapadre Weupe walifungua misheni ya Kibanga huku kwetu, ila hiyo haikudumu.

Alichojenga Storms kilikuwa boma. Na boma ni nyumba ya mtu mwenye hofu. Vyumba vyake huugeukia ua wa ndani, na huuonyesha ulimwengu mgongo. Kuta za nje ni nene, madirisha ni machache na membamba, lango ni moja tu. Mwenye bunduki hulipenda lango moja kwa sababu adui ana njia moja ya kuingilia.

Kiwanja nacho kilitaka akili. Ng'ambo ya ziwa, boma la Karema lilianzishwa mwaka 1879 na Wabelgiji hao hao, karibu na maji. Lakini miaka hiyo mto Lukuga ulikuwa umezibua njia yake ya kutokea ziwani, na maji yakashuka mwaka hata mwaka, jumla kama mita 10. Karema ikaachwa nchi kavu, mbali na mitumbwi yake. Ninyi mlioyaona maji ya ziwa yakipanda hata kuingia majumbani mwaka 2024 mwaweza kucheka: ziwa hili halikubali kupimwa mara moja.

Sasa twaja kwenye neno gumu. Katika mji wa jirani alikuwako mtemi wa Watabwa, jina lake Lusinga, mtu mwenye nguvu, naye alifanya biashara ya watumwa. Desemba 1884 Storms alituma watu wake, wakamwua Lusinga, wakamkata kichwa. Fuvu lake lilipelekwa Ubelgiji pamoja na sanamu ya mti iliyochongwa kwa heshima yake. Sanamu hiyo iliwekwa baadaye katika jumba la makumbusho la Tervuren. Hatutaki kuificha habari hii kwa kuwa nyumba hiyo baadaye ilisikika sala. Mwaka 2022 Wabelgiji wenyewe waliiondoa sanamu ya Storms iliyosimama katika uwanja mmoja wa Brussels.

Mwaka 1885 Storms aliitwa arudi kwao, na mfalme akaviacha vituo vya Mpala na Karema mikononi mwa Mapadre Weupe wa Kardinali Lavigerie. Mwaka 1887 akaja Kapteni Joubert, aliyewahi kuwa askari wa Papa, awalinde watu wa misheni na wateka-watumwa. Hivyo kuta ziliendelea kuwa kinga, lakini sasa waliokingwa ndani ni wakimbizi na watoto waliokombolewa. Baadaye katika misheni hiyo ikafunguliwa shule ya makatekista, kisha seminari ndogo, chini ya Monsinyori Roelens.

Sisi tuliopata kufundisha katika nyumba ya zamani twajua taabu yake. Mwaka mmoja tulipewa chumba kilichokuwa stoo. Wanafunzi wa nyuma hawakuuona ubao saa nane mchana! Tukamwita fundi, tukamwambia avunje ukuta atie dirisha pana. Fundi akaugonga ukuta kwa kiganja, akatutazama kama atazamavyo mtoto mjinga. "Mwalimu," akasema, "tofali hili ni bichi, halikuchomwa. Ukuta huu ndio uliobeba paa. Ukiutoboa sana bila tao, tutakuokota chini yake." Akatoboa dirisha dogo, juu yake akapanga matofali ya kuchoma kwa mviringo, ili uzito ushuke pande mbili. Tulipata nuru kiasi cha kusoma mstari wa mwisho, wala hatukudai zaidi.

Lakini ua wa ndani ni neema kwa mwalimu. Umbo lile lililomfaa askari linamfaa pia mlezi: milango yote yaonekana, kivuli kipo asubuhi na jioni, na lango moja lawatosha watoro wote. Huenda waliosoma Mpala walilichukia lango lile kuliko Kilatini chenyewe.

Huko ndiko Kaoze alikoanza Kilatini chake. Mwaka 1910 maandiko yake juu ya fikira za Wabantu yalianza kuchapwa, na tarehe 21 Julai 1917, huko Baudouinville, yaani Kirungu ya Moba, akapewa upadre, wa kwanza miongoni mwa Wakongo wa nyakati hizi.

Tulipomaliza kumweleza mwanafunzi wetu haya yote, akauliza tena: "Na matofali, Mwalimu, nani aliyafyatua?" Tukamwambia: watu weusi, wa ziwani na wa misafara, kwa mikono yao. Akaandika daftarini mwake: mafundi kwanza, kisha Mpala aliyetoa kiwanja, kisha Storms, kisha mapadre. Jina la Lusinga akaliandika pembeni, peke yake. Tulichukua daftari tukasahihishe, tukamrudishia bila alama ya wino mwekundu.