Dashibodi iliyopasuka na mtoto anayekaa mbele yake

Pikapu ya zamani haina siku ya kupumzika. Katikati ya wiki inabeba saruji na magunia ya mahindi, Jumamosi inapeleka watu harusini au msibani, na Jumapili familia nzima inabanana ndani yake kwenda kumsalimia bibi. Gari la namna hiyo likifikisha miaka 20, mara nyingi dashibodi inakuwa imeshapasuka. Ufa huanza karibu na kioo cha mbele, mwembamba kama unywele, kisha unapanuka kila msimu wa jua hadi sponji ya njano iliyo chini inaanza kuchungulia.

Kwa baba mwenye gari, ule ufa ni suala la sura, na pengine la bei siku ya kuliuza. Kwa fundi ni kazi ya nusu siku. Kwa mtoto wa miaka miwili aliyepakatwa na mama kwenye kiti cha mbele, ni kitu cha kuchokonoa kilicho sentimita chache kutoka usoni pake. Wazazi wengi huanza na mambo mawili ya kwanza, na hilo la tatu halizungumzwi kabisa hadi gari linatoka gereji.

Kwa nini dashibodi inapasuka? Ngozi ya dashibodi nyingi za zamani ni plastiki laini iliyochanganywa na kemikali za kuilainisha. Jua likipiga kila siku, kemikali hizo zinatoka kidogo kidogo kama mvuke. Plastiki inakauka na kusinyaa, lakini fremu iliyo chini yake haisinyai kwa kiwango kilekile, hivyo lazima kitu kiachie. Huachia palipo dhaifu: pembeni mwa matundu ya hewa, kwenye kona za spika, juu ya saa za spidi, au kwenye mistari ya kifuniko cha mfuko wa hewa, ule ambao mafundi wanauita eabegi. Ule utando wa mafuta unaojirudia kwenye kioo cha mbele kwa ndani, unaofanya taa za magari ya mbele zitawanyike usiku, kwa sehemu unatokana na mvuke huohuo. Ufutwe mara kwa mara kwa kitambaa safi na maji ya sabuni kidogo.

Joto lenyewe ni kali kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 2018, watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona nchini Marekani walitoa vipimo vya magari yaliyoegeshwa juani katika siku za joto la nyuzi 38 hivi. Baada ya saa moja, hewa ndani ya gari ilikuwa imefika wastani wa nyuzi 47 za Selsiasi, usukani nyuzi 53, na dashibodi nyuzi 69. Magari yaliyoegeshwa kivulini, dashibodi ilifika nyuzi 48. Sehemu nyingi za Tanzania hazifikishi nyuzi 38 kwa kawaida, lakini pikapu ya Dodoma au Shinyanga haikai juani saa moja tu. Inakaa hapo miaka na miaka.

Kwa hiyo kivuli cha mwembe na kadibodi ya kukinga kioo vina faida mbili: dashibodi inadumu, na mtoto hagusi kitu cha moto akipanda. Akiungua, sehemu hiyo imwagiliwe maji ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno na mafuta ya kupikia vibaki nyumbani.

Ufa ukishafunguka, shida ya kwanza ni vipande. Sponji iliyozeeka inavunjika kama makombo ya mkate, na ngozi ya plastiki inaacha ncha kali. Mtoto aliye chini ya miaka mitatu hupeleka kila kitu mdomoni. Akipaliwa na bado anakohoa kwa nguvu, aachwe akohoe. Akishindwa kukohoa, kulia au kupumua, asaidiwe papo hapo: ainamishwe kifudifudi na kupigwa mapigo matano kwa kiganja katikati ya mabega, huku mtu mwingine akitafuta usafiri wa kwenda hospitali. Kwa wakati huu, kabla fundi hajapatikana, mkanda wa gundi wa kitambaa juu ya ufa unatosha kuzuia vidole. Hautapendeza, ila utafanya kazi. Usibandikwe tu juu ya kifuniko cha eabegi.

Hapo kwenye eabegi ndipo mazungumzo na fundi yanapotakiwa kuanzia. Fundi wa viti akiona dashibodi ya namna hii atasema kwa moyo mweupe, "Bosi, hapa tunapiga fila, tunapiga msasa, tunavalisha leza, linakuwa jipya." Mama aliyesimama pembeni anaweza kuuliza swali moja tu: "Samahani fundi, hapo upande wa abiria chini yake kuna eabegi?" Fundi akijibu kwamba haina shida kwa sababu kila kitu kitafunikwa, atafutwe fundi mwingine.

Sababu ni hii. Kifuniko cha eabegi ya abiria kimetengenezwa ili kipasuke. Kwa upande wa ndani kina mistari membamba iliyopunguzwa unene, na gari likigonga, mfuko unaisukuma mistari hiyo na kutoka kwa sehemu ndogo ya sekunde, kwa kasi inayoweza kufikia kilomita 320 kwa saa. Ukijaza fila juu yake, au ukavuta leza nzito ikabana kutoka upande hadi upande, mfuko unaweza kuchelewa, kutokea upande usio wake, au kurusha lile bonge la fila lililokauka kuelekea kwa aliyekaa mbele yake. Ndiyo maana vitabu vya maelekezo ya magari hukataza kubandika au kuweka kitu chochote juu ya kifuniko hicho. Boksi la tishu na maua ya plastiki, mapambo yanayopendwa sana kwenye magari yetu, nayo hayana kazi pale.

Kujua kama gari lina eabegi si kazi ngumu. Pikapu nyingi za miaka ya 1980 na 1990 hazina kabisa, na nyingine zinayo kwenye usukani pekee. Kama upande wa abiria upo, kwa kawaida dashibodi ina maandishi SRS AIRBAG. Ufunguo ukiwashwa, kwenye saa za gari huwaka taa ndogo, mara nyingi yenye picha ya mtu aliyekaa na duara mbele yake, kisha inazima baada ya sekunde chache. Isipozima, mfumo una hitilafu. Isipowaka kabisa, pia kuna walakini. Huenda taa imeungua, au mtu aliitoa ili mnunuzi asiulize maswali.

Kama eabegi haipo, kazi inakuwa nyepesi. Ufa ulio juu ya saa za spidi, katikati au pembeni unaweza kuzibwa kwa fila ya plastiki, kupigwa msasa na kuvalishwa leza, mradi fundi amevaa barakoa na watoto wako mbali na vumbi. Rangi isiyong'aa ni bora, kwa sababu dashibodi inayong'aa inajirudisha kwenye kioo na kumsumbua dereva. Zile dawa za kung'arisha zinazopuliziwa wakati wa kuosha gari zina kasoro hiyohiyo.

Kama eabegi ipo na ufa umefika kwenye kifuniko chake, kifuniko hakizibwi. Hakipigwi gundi, hakikazwi kwa skrubu, hakivalishwi leza. Kinachofaa ni kubadilisha sehemu hiyo au dashibodi nzima. Hata hivyo, dashibodi ya mtumba ichunguzwe kwa makini kabla ya kulipiwa, maana nyingine zimetoka kwenye magari yaliyogonga, mfuko ukalipuka, na kifuniko kikarudishiwa kwa gundi. Anayefungua dashibodi lazima achomoe betri kwanza na kusubiri muda ulioandikwa kwenye kitabu cha gari hilo. Nyaya za eabegi hazipimwi kwa testa ya kubahatisha.

Kuna jambo jingine linalohusu magari yaliyozeekea kwenye joto, nalo halionekani kwa macho. Kampuni ya Japani ya Takata ilitengeneza mitambo ya kujaza mifuko ya hewa kwa kutumia kemikali ya amonia naitreti. Ilikuja kubainika kwamba nyingi kati ya mitambo hiyo, ikikaa miaka mingi kwenye joto na unyevu, kemikali yake inaharibika na kulipuka kwa nguvu kupita kiasi, hadi chuma kinachoibeba kinapasuka na kurusha vipande ndani ya gari. Watu walikufa katika ajali ambazo zingewaacha na michubuko tu. Marekani pekee, mitambo ipatayo milioni 67 iliitwa irudishwe na kubadilishwa bure, na miongoni mwa magari ambayo wamiliki wake waliambiwa wasiyaendeshe kabisa ni pikapu za Ford Ranger za mwaka 2006.

Ufa kwenye dashibodi si ushahidi kwamba mtambo wa chini yake umeharibika. Ni ushahidi kwamba gari limepikwa miaka mingi, na hiyo ni sababu tosha ya kuuliza, hasa kwa wakazi wa Dar es Salaam, Tanga, Lindi na Mtwara ambako joto na unyevu vinakwenda pamoja. Namba ya chasisi iliyo kwenye kadi ya gari inaweza kuangaliwa kwenye tovuti ya kampuni iliyolitengeneza, au kupelekwa kwa wakala wake. Magari ya mtumba huvuka nchi mbili tatu kabla ya kufika bandarini, na barua ya kuliita gari kwa kawaida haimfuati mmiliki mpya.

Sasa, mtoto akae wapi? Kwenye dabo kebini jibu ni rahisi: nyuma, amefungwa mkanda au yuko kwenye kiti chake, na hivyo hadi afike miaka 13. Singo kebini ndiyo inayowapa wazazi mtihani. Mtoto mchanga aliye kwenye kiti kinachotazama nyuma hawekwi kamwe mbele ya eabegi inayofanya kazi, kwa kuwa mfuko ukitoka unapiga mgongo wa kile kiti, kichwa cha mtoto kikiwa palepale. Baadhi ya pikapu zina swichi ya ufunguo ya kuzima eabegi ya abiria, na itumike. Kama swichi haipo, mtoto mchanga asipande gari hilo, hata kama itabidi mama akatafute daladala yenye nafasi kiti cha nyuma. Mtoto mkubwa asipokuwa na pa kukaa isipokuwa mbele, kiti kisogezwe nyuma hadi mwisho na afungwe mkanda wake peke yake.

Kumpakata si ulinzi. Gari lililo kwenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa likigonga kitu kigumu, mtoto wa kilo 10 anavuta mikono ya mama kama mzigo wa zaidi ya kilo 100. Hakuna mama anayeushika mzigo huo, na kinachomsubiri mtoto mbele ni hiyo dashibodi. Mkanda mmoja kuwazungusha wote wawili ni hatari zaidi, kwa sababu uzito wa mzazi unambana mtoto. Kumpandisha kwenye bodi nyuma, pamoja na magunia, hakujatatua chochote.

Baba wengine huamua kuifanya kazi wenyewe nyumbani, na wengi wanaifanya vizuri. Ila gundi ya viatu, tina na rangi za kupulizia hutoa mvuke unaoleta kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu, na kwa mtoto mwenye pumu unaweza kuamsha kifua. Ndani ya kebini iliyofungwa, juani, mvuke huo unakuwa mwingi zaidi. Kazi ifanyike kivulini, milango yote ikiwa wazi, watoto wakiwa mbali, na gari likae wazi siku mbili tatu kabla hawajapanda. Supagluu ikigusa vidole vikashikana, vilowekwe kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni na kuachanishwa taratibu. Ikiingia jichoni, jicho lioshwe kwa maji mengi, kope zisivutwe kwa nguvu, na mtoto apelekwe hospitali.

Hatari kubwa kuliko zote katika kazi hii haiko hata ndani ya gari. Ni ile tina iliyobaki, inayomiminwa kwenye chupa ya soda na kuwekwa pembeni mwa mlango. Mtoto mwenye kiu hajui tofauti. Ibaki kwenye kopo lake, kifuniko kimekazwa, kabatini juu au stoo yenye kufuli. Mtoto akiinywa, asitapishwe na asipewe maziwa, kwa sababu akitapika inaweza kuingia kwenye mapafu. Avuliwe nguo zilizolowa, apelekwe hospitali mara moja hata kama anaonekana mzima, na kopo lichukuliwe ili daktari aone ni kitu gani alichokunywa.