Kabla ya kuichukia hesabu, soma maisha ya aliyeipenda

"Mimi na hesabu hatupatani." Kama hujawahi kuitamka kauli hii, basi umeisikia kwa jirani yako wa dawati. Huanza kama mzaha baada ya mtihani mmoja mbaya, kisha inakomaa na kuwa uamuzi wa maisha. Na siku hizi uamuzi wenyewe unakuja mapema. Anayeingia sekondari pevu hutakiwa kuwa ameshachagua mmoja kati ya mikondo mitatu, ukiwemo ule wa Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati. Wengi wana miaka 15 hivi. Si haki kijana wa umri huo achaguliwe njia na woga.

Msimamo wetu ni kwamba woga huo hautaondolewa na vitabu vya mazoezi peke yake. Unahitaji hadithi pia. Darasani fomula huletwa kana kwamba ilishuka kutoka mbinguni ikiwa imeshapigwa chapa. Hatuambiwi ni nani aliyeihangaikia wala alikosea wapi. Wasifu mzuri, au riwaya nzuri, humrudisha mtu ndani ya fomula.

Hebu mchukue Srinivasa Ramanujan wa India, ambaye Robert Kanigel ameyasimulia maisha yake katika The Man Who Knew Infinity, kitabu cha 1991. Ramanujan alizaliwa 1887. Aliipenda hesabu hadi akafeli masomo mengine na kupoteza ufadhili wa chuo. Akaishia kuwa karani katika afisi za bandari ya Madras. Mnamo 1913 alimwandikia barua G. H. Hardy, mwanahisabati wa Cambridge, akaijaza fomula. Mwaka uliofuata alikuwa Uingereza. Alifariki 1920 akiwa na miaka 32 tu.

Siku moja Hardy alikwenda kumjulia hali mgonjwa huyo, akasema teksi iliyomleta ilikuwa na namba isiyo na mvuto, 1729. Ramanujan akakataa papo hapo. Alisema ndiyo namba ndogo zaidi inayopatikana kwa kujumlisha kyubu mbili kwa njia mbili tofauti. Usimwamini tu, jaribu mwenyewe. 1 mara 1 mara 1 ni 1, na 12 mara 12 mara 12 ni 1728. Sasa njia ya pili: 9 mara 9 mara 9 ni 729, na 10 mara 10 mara 10 ni 1000. Jumlisha kila jozi uone.

Ukikwama kwenye jam ya Thika Road, tazama namba ya gari lililo mbele yako. Tuseme ni 153. Chukua kila tarakimu uizidishe yenyewe mara tatu: 1, kisha 125, kisha 27. Ukijumlisha, unapata 153 ile ile. Hapo hakuna mwalimu wala kalamu nyekundu, ila umeshafanya hesabu, na pengine umetabasamu.

Na usidhani hadithi hizi ni za Cambridge pekee. William Kamkwamba wa Malawi aliacha shule ya upili kwa kukosa karo wakati wa njaa ya miaka ya 2001 na 2002. Akaenda kusoma katika maktaba ndogo ya shule ya msingi ya kijijini kwao. Kiingereza chake kilikuwa cha kubabaisha, kwa hivyo aliifuata michoro zaidi kuliko maneno. Akiwa na miaka 14 aliunganisha feni ya trekta, fremu ya baiskeli na mabomba ya plastiki, upepo ukamwashia taa. The Boy Who Harnessed the Wind, aliouandika na Bryan Mealer na kuutoa 2009, unakufundisha umeme bila wewe kujua kwamba unafundishwa.

Falsafa nayo ina mlango wake. Katika Sophie's World cha Jostein Gaarder, kilichotoka Norway 1991, msichana wa miaka 14 anapata barua inayomuuliza yeye ni nani, na kutoka hapo anapitishwa kwa Socrates hadi wanafalsafa wa karne ya 20. Sisi wa Kiswahili tunavyo vyetu. Katika Kusadikika, Shaaban Robert anamsimamisha Karama kizimbani kwa kosa la kutaka kuwafunza watu sheria. Nagona cha Euphrase Kezilahabi na Bina-Adamu! cha Kyallo Wadi Wamitila vinauliza binadamu anaelekea wapi. Shida ni kwamba tumezoea kuvisoma vitabu kama hivi tukiwinda maudhui na tamathali za usemi za kujibia mtihani. Swali lenyewe tunaliruka.

Wapo watakaosema hadithi haimpitishi mtu mtihani. Ni kweli. Hata Ramanujan, pamoja na kipaji chote kile, alipofika Cambridge alidaiwa uthibitisho, ikabidi aketi afanye kazi. Hadithi haikufanyii hesabu. Inakupa tu sababu ya kurudi mezani baada ya kupata alama 23.

Basi tuna maombi. Mwalimu wa hisabati, dakika tano za kumsimulia Ramanujan si dakika zilizopotea. Wachapishaji, tupeni wasifu wa wanasayansi wetu kwa Kiswahili chepesi. Thomas Odhiambo alianzisha kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE hapa Nairobi mwaka wa 1970. Ni wanafunzi wangapi wanaolijua jina lake? Serikali za kaunti nazo zikumbuke kwamba Kamkwamba hakununua kitabu kilichombadilisha. Alikikuta kwenye rafu.

Nawe msomaji, kama huna pesa za kitabu kipya, jaribu maktaba iliyo karibu nawe. Nairobi kuna McMillan katikati ya jiji, na matawi yake Kaloleni na Makadara. Soma kitabu kimoja tu kabla ya kujaza fomu ya mkondo. Ukishakisoma na bado moyo wako uko kwenye muziki au historia, nenda huko kwa raha zako. Angalau utakuwa umechagua mwenyewe, si woga uliokuchagulia.