Neno la Juma: Mmea wa Yona



Mwanafunzi wangu mmoja aliniletea Biblia mbili, ya Kiswahili na ya Kifaransa. Katika ya kwanza, mmea uliomtilia Yona kivuli nje ya mji wa Ninive ni mtango. Katika ya pili ni mbarika. Akauliza: «Mwalimu, kama vitabu havipatani juu ya mmea, tutavisadiki namna gani juu ya wokovu?»

Swali hili si geni katika bara letu. Mwaka 403 Mtakatifu Agostino, Askofu wa Hippo, alimwandikia Mtakatifu Yeronimo habari ya ghasia iliyotokea kanisani huko Oea, mji ambao leo ni Tripoli, nchini Libya. Askofu wa huko alisomesha kitabu cha Yona katika tafsiri mpya ya Kilatini, ambayo Yeronimo aliitoa katika Kiebrania. Neno moja halikuwa lile walilolizoea watu tangu wazee wao. Wakapiga makelele, hata askofu akalazimika kulisahihisha, asije akabaki bila waumini.

Yeronimo alijibu kwamba bila shaka ugomvi ulikuwa juu ya mmea ule. Watu walizoea kusikia mmumunye. Yeye aliandika jina la mmea utambaao ukutani. Akaeleza kwamba Kiebrania chataja mmea wenye majani mapana, usimamao kwa shina lake wenyewe, nao hauna jina katika Kilatini. Kwa hiyo aliwafuata wafasiri waliomtangulia. Wataalamu wengi wa leo hudhani ni mbarika.

Je, basi maneno hayana kazi? Hasha! Tazameni mwisho wa kitabu hicho hicho. Yona amekasirika kwa sababu mmea umekauka. Mungu anamwambia kwamba yeye anauhurumia mmea asioutaabikia. Je, Mungu asiuhurumie mji wenye watu zaidi ya 120,000? Katika Kiebrania kitenzi ni kile kile mara zote mbili, na nguvu ya jibu imekaa hapo: Mungu anaishika huruma ndogo ya Yona ili amfundishe iliyo kubwa. Katika Kilatini Yeronimo aliweka vitenzi viwili mbalimbali, cha kusikitikia mmea na cha kuuachilia mji, na fundo lile likalegea. Lakini barua ya Agostino haisemi kwamba mtu yeyote wa Oea alilalamika kwa hilo. Walighadhibika kwa ajili ya mmea, kama Yona.

Basi, mkikuta tafsiri mbili zisizolingana, msifanye haraka kugombana, wala msiseme kwamba ni mamoja. Ulizeni kwanza: neno hili limebeba nini? Mtango ukiwa mbarika, kivuli ni kivuli. Huruma ikipotea, kitabu kizima kimepotea.

Nacho kinaishia kwa swali lile la Mungu, bila jibu la Yona. Jibu latakiwa kwetu.