Skurubu Inayoyeyuka Mwilini

Msimu wa maembe ndio msimu wa mikono kuvunjika. Ninyi wazazi mwajua. Mtoto hufuata embe moja lililoiva kileleni, tawi hukatika, na jioni hiyo baba yumo njiani kwenda hospitali na mtoto mgongoni.

Mara nyingi plasta hutosha. Lakini uko mfupa uliovunjika vibaya, usiotulia ndani ya plasta. Hapo daktari hupasua, huviweka vipande mahali pake na kuvishika kwa chuma na skurubu. Kwa mtoto, ambaye mifupa yake ingali inakua, chuma hicho mara nyingi hutolewa baadaye. Ndiyo kusema nauli mara ya pili, dawa ya usingizi mara ya pili, kisu mara ya pili. Si ajabu wengine hawarudi. Basi wazazi huuliza: je, hakuna kitu cha kuushika mfupa mpaka uunge, kisha kikatoweka chenyewe?

Kipo. Wataalamu wamekitafuta kwa zaidi ya miaka mia. Kuyeyusha si kazi ngumu. Kazi ni kuyeyusha kwa wakati wake.

Karibu mwaka 1906 daktari Albin Lambotte wa Ubelgiji alimfunga mgonjwa mguu uliovunjika kwa kibao cha magnesiamu, metali nyepesi, akakipigilia kwa misumari ya chuma. Metali hizo mbili zilipokutana katika maji ya mwili, ile magnesiamu ililiwa upesi mno. Kwa siku 8 tu ilikuwa imekwisha sambaratika, na hewa imejaa chini ya ngozi. Na mfupa wa mguu wataka miezi!

Baadaye wakaja wenye plastiki. Msicheke, plastiki hii ni jamaa ya maziwa ya mgando. Ile asidi inayoyatia maziwa ukali hupatikana pia kwa kuchachusha sukari ya mahindi au ya miwa. Chembe zake zikiungwa nyingi, kama shanga katika uzi, hutoka plastiki ngumu. Ikiwekwa mwilini, maji huukata uzi ule kidogo kidogo, na mwisho mwili huigeuza kuwa maji na hewa tunayoitoa puani.

Mwaka 1984 mjini Helsinki, nchi ya Ufini, daktari Pentti Rokkanen na wenzake walianza kuunga vifundo vya miguu kwa vijiti vya plastiki ya namna hiyo. Mifupa iliunga vizuri. Lakini baadhi ya wagonjwa, baada ya majuma kadhaa, walivimba penye kovu, maji yakatoka. Na huko Uholanzi mwaka 1993 madaktari walieleza habari za wagonjwa waliofungwa mfupa wa shavu kwa plastiki inayokawia. Mfupa ulikuwa umepona zamani, ndipo baada ya miaka mitatu hivi shavu likavimba, maana mabaki yalikuwa bado ndani. Lambotte aliharakishwa, hawa wakacheleweshwa.

Sasa jaribuni jambo moja nyumbani. Uloweke mfupa wa mguu wa kuku katika siki siku kadhaa. Utapindika kama mpira, kwa kuwa madini yake yametoka. Mwingine uutie motoni mpaka uwe mweupe. Umbo litabaki, lakini ukiuminya wavunjika kama chaki. Mfupa basi ni kama ukuta wa nyumba zetu: fito bila udongo hazisimami imara, na udongo bila fito huanguka.

Wataalamu wakaiga ukuta huo. Wanaichanganya ile plastiki na unga wa madini ya mfupa, kalisiamu na fosforasi. Unga huifanya skurubu iwe ngumu zaidi, tena hupunguza ukali wa asidi inapoyeyuka. Na lililo zuri kuliko yote, mfupa mpya huyatambua madini yale na kuota juu yake, ukishika mahali pa skurubu kadiri inavyokwisha. Japani hutumia skurubu na vibao vya mchanganyiko huu, na katika nchi nyingi hutumika kushikiza kano za goti.

Lakini msiende hospitali kuidai kwa kila mfupa. Ni ghali, tena haina nguvu za chuma. Hufaa uso na mifupa midogo. Paja la mtu mzima anayetembea bado ni kazi ya chuma. Na ile habari ya vijiweni kwamba chuma cha hospitali hushika kutu mwilini na kumtia mtu sumu, msiisikilize. Si chuma cha jembe kile. Watu wazima wengi hukaa nacho mpaka uzee bila taabu.

Kwa mtoto ni shauri jingine. Kama mwanao ana chuma, tafuta cheti chake jioni hii, utazame kama siku ya kurudi imeandikwa. Kama haikuandikwa, mpeleke umwulize daktari, hata kama mtoto anacheza mpira na hasikii maumivu yoyote.