Hata Maji? Jibu kwa Wenzangu Kuhusu Saumu

Swali ninaloulizwa sana kila mwezi wa Ramadhani ni hili: "Hata maji?" Tangu nilipoingia Kidato cha Kwanza nimelijibu mara nyingi mpaka nikafikiria kuliandika jibu kwenye kadibodi nilivae shingoni. Ndiyo, jamani, hata maji. Tena hapa Voi, ambapo ukitoka shuleni mchana kwenda nyumbani kwa miguu, jua linakuandama kama mtu unayedaiwa naye.

Swali hilo silikasirikii hata kidogo. Anayeuliza anataka kujua. Lakini kuna swali jingine, na hilo ndilo lililonifanya nimwombe mlezi wa chama chetu cha Kiswahili anipe kurasa hizi mbili. Ni swali fupi tu: "Na wewe leo umefunga?" Nitafika huko. Kwanza niwaeleze saumu yenyewe, maana wengi mnaiona kwa nje tu, yaani midomo mikavu na usingizi wa kipindi cha mwisho.

Kufunga Ramadhani ni mojawapo ya nguzo tano za Uislamu. Amri yake ilikuja mwaka wa pili baada ya Mtume Muhammad (S.A.W.) kuhamia Madina, yaani mwaka 624. Mtu hujizuia kula, kunywa na mambo ya mume na mke kuanzia alfajiri mpaka jua linapozama. Kwetu sisi tulio karibu na ikweta ni kama saa 13 na kitu, mwaka nenda mwaka rudi. Tushukuru. Waislamu wanaoishi Norway, Ramadhani ikiwaangukia katika kiangazi, mchana wao unakaribia kula siku nzima.

Mbona kila mwaka inahama? Kwa sababu tunafuata mwezi mwandamo, wa siku 29 au 30, na mwaka wake ni mfupi kuliko huu wa kalenda ya ukutani kwa siku 10 au 11. Ndiyo maana Ramadhani inarudi nyuma kila mwaka. Mwaka 2030 itaingia mara mbili, mwanzoni mwa Januari na tena mwishoni mwa Desemba. Rafiki yangu ninayekaa naye dawati moja, ambaye ni Mkristo, nilipomwambia hivyo alinishika bega akanipa pole mapema.

Rafiki huyo nitamsifu hapa bila kumtaja jina. Ramadhani ikiingia, yeye huchukua githeri yake akaenda kujificha nyuma ya darasa ili asile mbele yangu. Nimemwambia mara ngapi sijui: kula, ndugu yangu. Saumu yangu haivunjwi na harufu ya chakula chako. Ingekuwa inavunjika kwa harufu, nani angefunga katika nyumba ambayo mama anakaanga sambusa kuanzia saa kumi za jioni? Na mate pia hayafunguzi. Hili nawaambia Waislamu wenzangu wanaotema mate dirishani mwezi mzima kana kwamba wana kifaduro. Mate yako mwenyewe, yakiwa kinywani mwako, meza tu, na uwahurumie wanaopita chini.

Sasa kuna mwenzetu mmoja, siku tulipokuwa na mjadala darasani, alisimama akasema, "Mungu gani huyu anayetaka watu wafe njaa?" Watu wakacheka. Mimi sikucheka, lakini pia sikuwa na jibu tayari, nikakaa kimya kama nimemwagiwa maji. Jibu nimelipata baadaye, na nalitoa hapa.

Mungu hataki mtu afe njaa. Katika Kurani, Sura ya Al-Baqara, aya ya 183 hadi 185, pale pale amri ya kufunga inapotolewa, mgonjwa na msafiri wanapewa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine, na inaelezwa wazi kwamba Mwenyezi Mungu anatutakia wepesi, hatutakii uzito. Ruhusa hiyo haikuongezwa na masheikh baadaye kwa kuwaonea watu huruma. Imo ndani ya amri yenyewe. Na lengo lililotajwa ni uchamungu, yaani kumwogopa Mungu hata unapokuwa peke yako. Fikiria: niko jikoni saa nane mchana, mama hayupo, mtungi wa maji baridi uko pale, kikombe kiko pale. Nani atajua? Hapo ndipo saumu ilipo. Haipo kwenye gwaride.

Bibi yangu ana ugonjwa wa kisukari na daktari amemkataza kufunga. Mwaka wa kwanza alilia. Alikuwa amefunga tangu utotoni, akaona kama amefukuzwa nyumbani kwake. Sheikh alikuja akamweleza kwamba mzee au mgonjwa asiyetarajia kupona hutoa fidia, kibaba kimoja cha chakula kwa maskini kwa kila siku moja aliyoacha, na kwamba akijilazimisha kufunga huku anajua itamdhuru, hapo ndipo atakuwa amekosea. Siku hizi mimi ndiye ninayempimia mchele wa fidia. Anakula uji wake asubuhi bila kujificha, na hakuna mtu nyumbani anayemwona kwamba amepungukiwa na dini.

Basi wazee na wagonjwa mnawajua. Wasafiri mnawajua. Kuna kundi jingine ambalo halitajwi, na mimi nimo humo kila mwezi.

Nimeona haya kuandika sehemu hii. Nimeiandika nikaifuta mara tatu. Lakini Bi Aisha, mke wa Mtume, aliwasifu wanawake wa Madina kwa sababu haya haikuwazuia kuuliza na kujifunza mambo ya dini yao. Nami najifariji kwa hilo. Msichana au mwanamke aliye katika hedhi hafungi. Si kwamba anaruhusiwa kula akipenda. Amekatazwa kufunga, na hata akijilazimisha, saumu yake haisihi. Hedhi ikimjia nusu saa kabla ya adhana ya magharibi, siku nzima aliyokaa na kiu imekwenda, atailipa. (Mwaka jana ilinipata hivyo. Sambusa zilikuwa tayari mezani. Tuyaache hayo.) Sala alizoziacha katika siku hizo hazilipi, amesamehewa. Siku za saumu ni deni, anazilipa moja moja kabla ya Ramadhani nyingine kuingia. Bi Aisha mwenyewe amesimulia kwamba alikuwa akilipa zake katika mwezi wa Shaabani, mwezi ulio mlangoni mwa Ramadhani.

Sasa niwarudishe kwenye lile swali fupi.

Siku moja ya Ramadhani tulikuwa na kipindi cha michezo, saa tisa na nusu, jua bado kali. Mwalimu alisema, kwa wema wake, nami simlaumu: "Waliofunga wakae chini ya mwarobaini. Wengine, mizunguko minne." Waislamu wote wakaenda kivulini. Mimi siku hiyo sikuwa nimefunga. Nikasimama pale katikati ya uwanja, na katika sekunde chache nilitakiwa kuchagua. Nikikimbia, wavulana wote wa darasa letu watajua niko katika hali gani. Nikikaa kivulini, nimesema uongo bila kufungua mdomo, tena uongo juu ya ibada.

Nilikaa kivulini. Nasema ukweli hapa kwa sababu siku ile sikuusema.

Mtume amefundisha kwamba asiyeacha maneno ya uongo, Mungu hana haja na kuacha kwake chakula. Hadithi hiyo naijua tangu darasa la pili la madrasa. Nilikaa chini ya mwarobaini nikiifikiria, nikiwatazama wenzangu wakikimbia, na sijawahi kuona kivuli chenye joto kama kile.

Siku mbili baadaye nilikwenda kunywa maji kwenye mfereji ulio nyuma ya maabara, wakati watu wako darasani. Akatokea mvulana mmoja, Mwislamu mwenzangu, tunayesoma naye madrasa moja. Akapiga kelele: "Kobe! Kobe huyo!" Kwa wasiojua, huku pwani kobe ni jina la kumdhihaki Mwislamu anayekula mchana wa Ramadhani kwa siri. Kufika jioni jina lilikuwa limeenea darasa zima. Hata wasio Waislamu waliniita kobe, wakidhani ni mzaha tu wa kirafiki. Mmoja akanichorea kobe ubaoni, na lazima nikiri kwamba alichora vizuri.

Ningejibu nini? Nikae kimya, mimi ni kobe. Nijitetee, nitangaze mbele ya wavulana arobaini jambo ambalo hata dada yangu namwambia kwa kunong'ona. Nilichagua kimya. Wasichana wenzangu wa Kiislamu walijua, na wakanyamaza pia, kwa sababu kila mmoja alijua wiki yake inakuja.

Kwa kaka zangu wa Kiislamu nina maneno kidogo makali, mnisamehe. Katika madrasa, ustadhi akifika kwenye mlango wa tohara na hedhi, ninyi huanza kuchekacheka mpaka anaupita haraka haraka. Mnatoka pale mkijua orodha ya mambo yanayofunguza, hamjui nani hatakiwi kufunga. Halafu mnajipa kazi ya uaskari. Nani aliwatuma? Tumefundishwa kwamba saumu, tofauti na ibada nyingine, ni ya Mwenyezi Mungu na Yeye ndiye atakayeilipa. Ni siri ya mja na Mola wake. Wewe unayechungulia mifereji umeingilia siri ambayo si yako. Tena wapo miongoni mwenu, na majina sitaji, ambao mchana wa Ramadhani huonekana kwenye kibanda cha mahamri nje ya lango, wakiwa wazima wa afya. Hao hakuna aliyewachora ubaoni. Wala sisemi wachorwe.

Mimi ninapokunywa maji siku hizo, sijaiacha dini yangu. Ninaifuata. Yule aliyefunga ametii amri, nami niliyekula nimetii amri ile ile, maana aliyesema "fungeni" ndiye aliyesema mimi nisifunge. Tena mwisho wa hesabu yeye amemaliza Ramadhani siku ya Idi, mimi bado nina deni.

Wengine wataniambia, "Basi kama ni hivyo, semeni tu, kuna aibu gani?" Labda iko siku tutasema. Mwalimu wetu wa Biolojia anasema neno hilo mbele ya darasa zima bila kupepesa jicho, na hakuna aliyekufa. Lakini kusema kwa hiari ni jambo moja, na kulazimishwa kusema uwanjani ni jambo jingine kabisa. Kwa nini msichana atoe habari za mwili wake ili tu aruhusiwe kunywa maji kwa amani?

Ninachoomba si kikubwa. Katiba yetu ya mwaka 2010, ibara ya 32, inampa kila mtu uhuru wa dini na ibada, lakini sihitaji kwenda mahakamani. Kwa walimu wetu wapendwa, wakati wa michezo semeni tu, "Anayehitaji kupumzika apumzike," bila kuuliza sababu. Aliyefunga atakaa, mwenye homa atakaa, nami nitakaa au nitakimbia bila kudanganya mtu. Najua watakuwepo wavivu watakaoitumia nafasi hiyo. Wavivu wapo hata sasa, na wengine wao hukaa chini ya mwarobaini wakiwa wameshiba. Viranja, msiandike orodha ya waliofunga kwa ajili ya chakula cha mchana mkaibandika ukutani. Mwacheni mtu achukue chakula au asichukue. Na kama inawezekana, wasichana wapewe ruhusa ya kunywa maji ndani ya ile stoo ya vifaa karibu na vyoo vyetu. Ina mlango unaofungika. Hiyo tu.

Ninyi wenzangu mlio Wakristo, mwaka 2025 Jumatano ya Majivu iliangukia ndani ya Ramadhani, na kwa siku kadhaa tulikuwa darasa moja lenye njaa za aina mbili. Mmoja wenu aliyefunga Kwaresima aliulizwa kwa nini anakula chapati jioni. Akasema, "Hilo ni langu na Mungu." Nililipenda jibu hilo, nikaliiba. Ulizeni "hata maji?" mpaka mchoke, nitajibu. Ulizeni juu ya daku, juu ya mwezi, juu ya kwa nini nyumba moja imeanza kufunga leo na jirani yake kesho (hapo nitawaambia kaulizeni wazee, maana hata wao hawajakubaliana). Lakini mtu akiwa na kikombe mkononi mwezi wa Ramadhani, mpisheni.

Ramadhani iliyopita iliniachia deni la siku sita. Nimelipa nne, zote Jumatatu na Alhamisi, siku za kawaida za shule, bila kivuli cha mwarobaini na bila mtu kunipa pole. Siku ya nne ilikuwa na mashindano ya kukimbia baina ya madarasa, nami nilikimbia. Yule mvulana wa mferejini alikuwa pembeni akigawa maji, akaninyoshea kikombe. Nikamwambia asante, nimefunga. Akanitazama, akahesabu miezi kwa vidole, akaniuliza, "Kwani leo ni nini?"

Zimebaki mbili.