Nakala ya Usiku Inahitaji Mkaguzi

Tetemeko la Septemba 10, 2016 lilibomoa nyumba na shule Bukoba. Lilitufundisha kwamba kilichohifadhiwa mahali pamoja kinaweza kupotea kwa dakika. Orodha za ubatizo na ndoa tunazoingiza kwenye kompyuta zinahitaji nakala kwingine: ya Bukoba ikae Muleba, ya Muleba ikae Bukoba.

Kompyuta yaweza kutuma nakala yenyewe kila usiku. Katika Linux, programu ya cron huagizwa kwa mstari mmoja: dakika, saa, tarehe, mwezi, siku ya juma, kisha kazi yenyewe. Lakini saa zake huanzia usiku wa manane: saa nane usiku huandikwa 2. Ukiandika 8, umeagiza saa mbili asubuhi. Na umeme ukikatika kompyuta ikazimika saa hiyo, cron hairudii kazi iliyopita, wala haikuambii.

Kwa hiyo, kupanga hakutoshi. Kila Jumamosi, mseminari au katibu wa parokia afungue nakala, atafute jina moja lililoandikwa juma hilo. Likikosekana, tujue mapema, si siku kijana anapohitaji cheti cha ubatizo ili afunge ndoa.