Tanzania: Kemia ya kijani na mali iliyofichika ndani ya ganda la korosho

Kila msimu wa korosho unapofunguliwa katika mikoa ya Mtwara, Lindi na Ruvuma, kusini mwa Tanzania, masikio ya wakulima huelekezwa mnadani: kilo imenunuliwa kwa shilingi ngapi? Swali hilo limewahi kuitikisa serikali. Mwezi Novemba 2018, baada ya wakulima kuzikataa bei za wafanyabiashara, Rais John Magufuli aliamuru serikali iinunue korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likapewa jukumu la kuisomba.

Mizani ya ghala hupima korosho ikiwa ndani ya ganda lake, lakini mnunuzi anachokitafuta ni kiini. Ganda, ambalo ni takriban asilimia 70 ya uzito wote, kwa kawaida huhesabiwa kuwa taka au kuni za kiwandani. Kwa wanakemia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hesabu hiyo ina kasoro, nao wametumia miaka mingi kuonyesha kasoro hiyo iko wapi.

Mafuta yanayounguza mikono

Ndani ya ganda la korosho mna mafuta mazito ya rangi ya kahawia, ambayo ni kati ya robo na theluthi ya uzito wa ganda. Wanawake wanaobangua korosho kwa mkono wanayafahamu vyema, kwani huunguza ngozi na kuacha madoa meusi vidoleni. Yakikamuliwa bila moto mkali, zaidi ya nusu yake huwa ni asidi anakadi. Yakipashwa moto, asidi hiyo hupoteza hewa ya ukaa na kugeuka kuwa kadanoli.

Umbo la kadanoli ndilo linalowavutia wataalamu. Upande mmoja ni pete ya fenoli, kiungo ambacho viwanda duniani huipata hasa kutokana na mafuta ya petroli. Upande wa pili ni mkia mrefu wa kaboni 15. Kwa maneno mengine, mkorosho umekwisha kuifanya bure sehemu ngumu ya kazi ambayo kiwandani ingehitaji hatua nyingi, joto kali na kemikali za hatari. Zaidi ya hayo, ganda si chakula, na kulitumia hakumnyang'anyi mtu mlo wake.

Huo ndio msingi wa kemia ya kijani, ambayo kanuni zake 12 ziliandikwa mwaka 1998 na Wamarekani Paul Anastas na John Warner. Kanuni ya kwanza husema kuwa ni heri kuzuia taka kuliko kuisafisha baadaye. Nyingine huhimiza kutumia malighafi zinazoota tena, na kutumia vichocheo mahali pa kemikali zinazotumika mara moja na kumwagwa. Kichocheo huharakisha badiliko la kemikali bila chenyewe kuisha, hivyo kiasi kidogo huweza kurudia kazi ileile mara nyingi.

Profesa Egid Mubofu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni miongoni mwa waliobobea katika uwanja huu. Mwaka 2001, pamoja na James Clark na Duncan Macquarrie wa Chuo Kikuu cha York nchini Uingereza, alichapisha utafiti kuhusu kichocheo cha paladi kilichoshikizwa juu ya chembe za silika. Faida ya kukishikiza ni kwamba kazi ikiisha, kichocheo huchujwa na kutumiwa tena, badala ya metali ghali kupotea ndani ya bidhaa au katika maji machafu. Muongo mmoja baadaye, yeye na wenzake wa Dar es Salaam, akiwemo James Mdoe, waliyatumia mafuta ya korosho yenyewe kama kalibu ya kutengenezea silika yenye vitundu vikubwa, kisha ndani yake wakahifadhi kimeng'enya cha kuvunjavunja sukari. Taka ya shambani ikawa chombo cha kujengea kichocheo.

Kutoka korosho hadi mtego wa mbung'o

Kwa wakazi wa ukanda wa Maziwa Makuu, tunda la utafiti huu linalogusa maisha moja kwa moja linamhusu mbung'o, mdudu anayeeneza malale kwa watu na nagana kwa mifugo. Rwanda ilithibitishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 kuwa imeyatokomeza malale kama tatizo la afya ya umma, lakini mbung'o hatambui mipaka, na wafugaji wanaoishi karibu na mbuga za wanyama bado wana sababu ya kumwogopa.

Mitego ya vitambaa vya buluu na vyeusi hunasa mbung'o wengi zaidi ikiwekewa harufu inayowavuta. Miongoni mwa harufu hizo ni fenoli fulani zenye mkia mfupi, ambazo kwa asili hupatikana katika mkojo wa ng'ombe na wanyama pori. Zinafanana mno na kadanoli. Tofauti kubwa ni urefu wa mkia: badala ya kaboni 15, zinatakiwa mbili au tatu tu.

Mwaka 2014, watafiti wa vyuo vikuu vya Kaiserslautern, Ujerumani, na St Andrews, Scotland, walionyesha namna ya kuufupisha mkia huo. Walitumia mbinu ya vichocheo ambayo ugunduzi wake uliwapatia Yves Chauvin, Robert Grubbs na Richard Schrock Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2005. Kichocheo huukata mkia mahali penye kiungo maradufu, kwa msaada wa gesi ya ethilini. Kichocheo kingine hukisogeza kiungo kilichobaki kuelekea kwenye pete, na mkato hurudiwa hadi mkia unapofikia urefu unaotakiwa. Kundi la St Andrews, lililoongozwa na David Cole-Hamilton, limeshirikiana pia na watafiti wa Dar es Salaam katika kazi nyingine juu ya mafuta hayohayo.

Mwaka 2019, wanakemia wa Afrika Kusini, Ujerumani, Malawi na Tanzania walitangaza kuwa wametengeneza kutokana na ganda la korosho kemikali zinazofyonza miale ya jua inayodhuru ngozi. Si jambo dogo kwa nchi ambayo watu wenye ualbino huhitaji losheni ya kinga kila siku, na ambayo hospitali ya KCMC mjini Moshi ina kitengo chake cha kuitengeneza. Hata hivyo, kufyonza miale maabara ni jambo moja, na kupakwa kwenye ngozi ya mtoto ni jingine. Usalama hauna budi kuthibitishwa kwanza.

Ganda liko wapi?

Hapa ndipo kemia inapokutana na siasa ya uchumi. Sehemu kubwa ya korosho ya Tanzania husafirishwa ikiwa ghafi, hasa kwenda India na Vietnam. Ganda hupanda meli pamoja na kiini. Katika msimu wa 2017/18, nchi hiyo ilivuna zaidi ya tani 300,000. Kwa uwiano wa asilimia 70, hizo ni zaidi ya tani 200,000 za ganda. Huko ng'ambo, mafuta yake huingia katika rangi, gundi na vifaa vya breki za magari, na baadhi ya bidhaa hizo hurudi Afrika Mashariki kwa bei ya kiwandani.

Tanzania imekwisha kujaribu kubangua korosho yake. Katika miaka ya 1970, viwanda vilijengwa kwa mikopo, ikiwemo ya Benki ya Dunia. Lakini uzalishaji, uliokuwa umepita tani 140,000 msimu wa 1973/74, ulishuka chini ya tani 20,000 katika nusu ya pili ya miaka ya 1980. Kuhamishiwa wakulima katika vijiji vya ujamaa mbali na mikorosho yao, bei duni na ugonjwa wa ubwiri unga vyote vilichangia. Viwanda vingi vilisimama, na baadhi vikageuzwa maghala. Sasa serikali imetenga eneo la Maranje, mkoani Mtwara, kwa kongani ya viwanda vya korosho.

Historia hiyo ina onyo. Kiwanda kinachotegemea kiini pekee hushindana na wabanguaji wa Asia wenye uzoefu mrefu, mitambo na mitaji. Kinachouza kiini na mafuta ya ganda kina miguu miwili ya kusimamia. Kongani ikijengwa bila mitambo ya kukamua mafuta na bila maabara ya kupima ubora wake, ganda litaishia tena kwenye tanuri.

Jina la kijani nalo halitoshi. Vichocheo vya kukata mkia wa kadanoli hutumia rutheni, metali adimu na ghali, na ethilini ya leo hutokana zaidi na petroli na gesi asilia. Mbinu hiyo itakuwa kijani kweli iwapo kichocheo kitatumika mara nyingi kabla ya kuchoka. Itakuwa ya haki iwapo wanawake wanaobangua watapatiwa glavu, na iwapo thamani ya ganda itaonekana katika bei anayolipwa mkulima.

Mkulima wa Newala au Tandahimba hana sababu ya kujua jina la kichocheo. Anachoweza kudai kupitia chama chake cha msingi ni kwamba, mnada ujao utakapoitishwa, bei ihesabu korosho nzima, kiini na ganda lake.